Liite kwa sauti kabla hujaliandika

KUNA swali moja ambalo humfikia mzazi wakati amechoka kuliko siku nyingine zote za maisha yake. Mama amekuwa na uchungu usiku kucha. Baba amekesha kwenye benchi la nje akinywa chai ya rangi. Asubuhi muuguzi anaingia na kalamu na fomu, anauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Wengi wetu hujibu lolote lililo karibu na ulimi. Huyu hutaja jina la mwigizaji aliyemwona kwenye televisheni, yule la mchezaji kandanda, mwingine la mtoto wa mkubwa wake kazini. Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, magazeti yaliandika habari za watoto wachanga waliozaliwa Kisumu siku hizo wakaitwa Barack na Michelle. Muuguzi huandika anachoambiwa, fomu hupigwa muhuri, na kutoka hapo jina humfuata mtoto shuleni, kanisani au msikitini, kazini, hadi kaburini.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Najua walikusudia sifa ya mtu, lakini leo hebu tuuchukue msemo huo jinsi ulivyo. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulisahau siku ile ya fomu: jina la kwanza halitembei peke yake. Lina mwenzake, na hao wawili wataandamana maisha yote.

Mwenzake amekwisha chaguliwa

Hapa kwetu Kenya, sehemu kubwa ya jina la mtoto huwa imeamuliwa kabla hajatungwa mimba. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hupewa majina ya nyanya zao kwa mpango huohuo. Kwa Wajaluo, saa na hali ya hewa ndizo husema: Otieno amezaliwa usiku, Omondi alfajiri, Ochieng' jua likiwaka na Okoth mvua ikinyesha. Akiwa msichana, ile O ya mbele hugeuka A. Kwa Wakalenjin kuna Kipkoech wa mapambazuko na Cherop wa mvua. Kwa Wabukusu, Wekesa ni wa mavuno, Simiyu wa kiangazi na Wanjala wa wakati wa njaa. Huko Pwani jina la mtoto hufuatwa na la baba yake, kisha la babu yake.

Kwa hiyo mzazi hana hiari kubwa huko nyuma. Hiari yake iko mbele, katika jina la kwanza, na huko ndiko tunakokosea. Tunalichagua kana kwamba litasimama peke yake, kama picha inayotundikwa ukutani, ilhali lina jirani wa kukaa naye.

Niliyoyaona kwa macho yangu

Nasema haya kwa sababu nilikosea mimi mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Machakos, na mume wangu ni mtu wa Siaya. Kifungua mimba wetu, msichana, alizaliwa Nairobi mwezi wa Aprili, mvua ikipiga mabati kiasi cha watu kutosikilizana. Mama mkwe alipopigiwa simu hakuuliza mengi. "Huyo ni Akoth," alisema, na mambo yakaisha. Kwetu Ukambani angeitwa Mbula, maana yake ni ileile, kwa hiyo nami niliridhika.

Jina la kwanza nilikuwa nalo tayari. Nililiona katika riwaya nikiwa chuoni, nikaliandika nyuma ya daftari, nikalitunza miaka sita. Sitalitaja hapa, kwa kuwa mwenyewe sasa husoma ukurasa huu na hatanisamehe. Yatosha kusema kwamba linaanza kwa "sh" na kuishia kwa "a". Katika maandishi lilipendeza mno. Kulitamka pamoja na Akoth sikuwahi kujaribu hata siku moja.

Mtoto alipofika umri wa miaka minne tulikwenda nyumbani kwa Krismasi. Siku ya pili alikuwa amechutama katikati ya boma, amenipa mgongo, anachora mchangani kwa kijiti. Fahali wa jirani akakata kamba. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia mama mkwe akiita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena: "Akoth! Akoth! Akoth!" Nilipotoka mbio, yule mnyama alikuwa amekwisha pita kwenye ua, na binti yangu bado anachora. Hakugeuka. Si kwamba alikuwa kiziwi au mkaidi. Hakujua kwamba Akoth ni yeye. Kijana mmoja wa mjomba wake ndiye aliyemnyakua na kumrushia upande wa ghala.

Jioni, mtoto amelala, mama mkwe alinikalia karibu. Hakunigombeza. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha polepole, "Nyar Machakos, nilimpa mtoto huyu jina. Mmeliweka wapi?"

"Liko kwenye cheti, Mama," nikamjibu.

"Kwenye cheti," akarudia, halafu akanyamaza. Nilitamani anigombeze.

Ndani ya basi la kurudi Nairobi nilijiuliza ilikuwaje. Hatukuwa tumelidharau jina la mvua. Tulilipenda. Lakini kila tulipojaribu kuyataja yote mawili, "a" ya mwisho wa lile la kwanza ilimezwa na "a" ya mwanzo wa Akoth, ikabaki sauti moja ndefu isiyoeleweka. Ili usikike ilikubidi usimame katikati kama mtu mwenye kwikwi. Basi ulimi ukafanya uvivu wake. Tukaacha kutaja la pili, majirani wa ploti wakaacha, mwalimu wa nasari naye hakulisikia kamwe.

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue leo, msomaji. Majina mawili yasipopatana masikioni, moja hufukuzwa, na mara nyingi linalofukuzwa ni lile la nyanya. Ukitaka mtoto aishi na majina yake yote, chagua la kwanza litakalokaa vyema na yale yaliyomtangulia duniani.

Sikio linataka nini?

Si lazima uwe mtaalamu wa lugha. Mambo ni machache na kila mtu anaweza kuyapima akiwa jikoni kwake.

La kwanza, tazama mahali majina yanapokutana. Anna Atieno, Rebecca Akinyi: "a" mbili zimekutana na moja lazima imeze mwenzake. Sasa sema Grace Atieno au Lilian Akinyi. Umesikia? Kila jina limebaki na mwili wake. Konsonanti nazo hufanya vivyo hivyo. Dennis Simiyu hugeuka Denisimiyu, Patrick Kiprono akawa Patrikiprono. Philip Kiplagat ana "lip" na "kip" na "pla" zilizobanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Ukisema Andrew Waweru, mdomo hubaki umechongoka kama wa mtu anayepuliza chai ya moto. Sisemi kina Anna Atieno na kina Dennis Simiyu wakimbie kwa wakili. Wako wengi na wanaitika vizuri. Nasema tu kwamba, ikiwa bado unachagua, hapo ndipo pa kutega sikio kwanza.

La pili ni urefu. Jina fupi hupenda kufuatwa na refu: Ann Wanjiku, Paul Musyoka, Jane Nasimiyu. Refu nalo hupumzika vizuri juu ya fupi: Emmanuel Koech, Veronica Mbula. Fupi kwa fupi, kama Mark Sang, huweza kusikika kama amri ya gwaride, ingawa wapo wanaopenda ukakamavu huo. Refu kwa refu, kama Bartholomew Wanyonyi, humaliza pumzi ya mwalimu kabla hajafika nusu ya rejista, na hapo ndipo watoto huanza kukatwa majina na kuitwa Batho.

La tatu ni vina. Sauti za mwanzo zikifanana hupendeza. Mfikirie Kipchoge Keino, aliyetuletea dhahabu ya mita 1500 kutoka Mexico mwaka 1968. K mbili zinapiga hatua pamoja kama miguu ya mkimbiaji mwenyewe. Lakini sauti za mwisho zikifanana, jina hugeuka wimbo wa kuruka kamba. Rosa ni jina zuri na Barasa ni jina la heshima, ila Rosa Barasa ataimbwa kila mapumziko hadi amalize darasa la sita.

La nne ni maana, hasa wakati huu ambapo majina ya Kiswahili yamependwa sana mijini. Amani, Baraka, Neema, Zawadi, Imani, yote ni mazuri, na yana faida kubwa: nyanya wa Murang'a na nyanya wa Kakamega wote wawili huyajua na kuyatamka. Kwa ndoa za makabila mawili, kama yangu, hilo si jambo dogo. Ila soma jina zima kama sentensi. Baba akiwa Matata, mtoto akaitwa Amani, ataulizwa maisha yake yote kama amekuja kupatanisha au kuchokoza. Neema Nanjala ni neema na njaa katika kitambulisho kimoja. Na kama jina la ukoo ni Ndege, fikiria mara mbili kabla ya kumwita binti Angel, maana watasema huyu hana haja ya nauli.

La tano ni herufi za mwanzo. Collins Onyango Were ni jina linalosikika vizuri sana. Liandike kwa kifupi kwenye begi la shule, C.O.W., na kila mwanafunzi anayejua neno la Kiingereza la ng'ombe atakuwa amepata kazi ya muhula mzima.

La mwisho ni tahajia. Brian, Bryan, Brayan. Sharon, Sharone, Sheron. Wazazi huongeza herufi ili jina lionekane jipya, lakini sikio halioni herufi. Karani ataandika anavyosikia, na mwalimu ataandika anavyojua yeye. Siku jina la mtihani lisipolingana na la cheti cha kuzaliwa, ni wewe utakayepanga foleni ya kuapa mbele ya wakili kwamba Bryan na Brayan ni mtoto mmoja.

Mtihani wa mlangoni

Basi ukishapata majina matatu au manne unayoyapenda, fanya hivi. Simama mlangoni na uyaite yote, la kwanza pamoja na la ukoo, kwa sauti ile unayomwitia mtoto anapocheza mbali na chakula kinapoa. Kisha uyaseme polepole kama mwalimu anayesoma rejista. Kisha uyanong'one kama unambembeleza mwenye homa. Kisha uyaseme kwa ukali, maana siku hiyo nayo itafika. Jina linalopita hali zote nne bila kujikwaa ndilo jina. Wahenga hawakukosea: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Baada ya hapo mpigie nyanya simu, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Usimwandikie, mtamkie. Mwombe alirudie. Kila lugha yetu ina sauti zake inazozijua na nyingine isizozijua. Kidholuo hakina "sh", kwa hiyo nyanya wa Siaya atasema "s" na hana kosa lolote. Lile jina nililolitunza miaka sita nyuma ya daftari lilipofika Siaya lilikuwa limekwisha geuka jina lingine, nami nilikuwa nikicheka, mjinga mimi, kumbe kicheko kilinistahili. Kama nyanya hawezi kulisema jina la mjukuu wake, aliyekosa ni aliyelichagua.

Nawe baba, usikae kando ukisema hayo ni mambo ya kina mama. Jina litakalokuwa nyuma ni lako au la baba yako. Ukiona halitajwi na mtoto, usilaumu watoto wa siku hizi. Jiulize ulikuwa wapi jina la mbele likichaguliwa.

Wakubwa nao walichagua

Huenda ukasema haya ni mapambo tu. Tazama basi watu wazima waliopata nafasi ya kujichagulia. Kamau wa Ngengi alipobatizwa mwaka 1914 alitaka aitwe John Peter. Alipoambiwa achukue moja, akapata Johnstone. Hakuishia hapo. Mwaka 1938 kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu kilipotoka London, mwandishi aliitwa Jomo Kenyatta. Liseme kwa sauti: silabi mbili, halafu tatu, kila moja imeishia kwa vokali safi. Ni jina lililoweza kuitwa na umati mzima uwanjani.

Ngugi wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Baadaye aliliacha James na kumweka baba yake nyuma ya jina lake. Profesa Wangari Maathai naye aliitwa Mary Josephine enzi za masomo, lakini aliporudi kutoka Marekani mwaka 1966 alilichukua tena Wangari. Ndoa yake ilipovunjika na mumewe kumtaka aliache jina lake, aliongeza "a" moja tu, Mathai likawa Maathai, na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Vokali moja, na jina zima likawa lake.

Lakini hao ni watu wazima waliokuwa na nguvu ya kubadilisha. Mtoto wako atalibeba ulilompa kwa miaka mingi kabla hajapata nguvu hiyo.

Sheria inasemaje

Ukijikuta umekwisha kosea, usikate tamaa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, kizazi husajiliwa ndani ya miezi 6, na baada ya hapo huhesabiwa kuwa usajili wa kuchelewa. Mtoto akiwa amesajiliwa kabla ya kupewa jina, au jina lake likibadilishwa, mzazi anaweza kwenda kwa msajili ndani ya miaka 2 tangu usajili huo, akalipa ada na kuonyesha ushahidi unaohitajika. Baada ya hapo njia huwa ndefu zaidi. Mtu mzima hubadilisha jina kwa hati maalumu iliyotayarishwa na wakili, na tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya.

Kina mama wanaolea peke yao pia wasisahauliwe. Zamani sheria ilizuia jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa bila maombi ya wote wawili. Mei 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na ukiamua kumpa mtoto jina la baba yako mwenyewe, mtihani wa mlangoni ni uleule.

Kilichotokea baadaye

Mtoto wetu wa pili alizaliwa alfajiri, jogoo wakiwika. Hatukuhitaji kumuuliza mama mkwe. Omondi alikuwa amefika. Safari hii sikufungua daftari lolote. Tulikuwa na majina manne, na jioni moja kabla sijajifungua tuliyaita yote mlangoni, mimi, mume wangu na yule binti wa mvua, hadi jirani akatoka kuuliza tunamtafuta nani. Tulichagua moja lenye silabi mbili, linaloishia kwa "l". Lilikaa juu ya Omondi kama kifuniko juu ya sufuria yake.

Kuhusu dada yake, jina la cheti halikubadilishwa. Miaka miwili ilikuwa imepita, na yeye mwenyewe analipenda. Tulichofanya ni kuanza kumwita Akoth nyumbani, kutwa mara kumi, kwa kila jambo: Akoth kula, Akoth oga, Akoth zima taa. Mwezi wa kwanza alitutazama kama wageni. Mwezi wa tatu aliitika bila kuinua kichwa.

Krismasi iliyofuata tulipofika Siaya, mama mkwe alisimama mbele ya nyumba yake, akaweka mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, akaita mara moja tu. Mtoto alikuwa mbali, karibu na mti wa mwembe. Aligeuka, akaitika, akakimbia.

Kwa hiyo wewe unayesubiri mgeni mwezi huu au ujao, usingoje muuguzi aje na kalamu. Leo ni Jumapili, watu wako wote wako nyumbani. Baada ya chakula, simameni mlangoni.